Bi Mkasi na Kompyuta Iliyogoma

Walimwita Bi Mkasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata video za harusi. Aliwaondoa wajomba waliosinzia, mashangazi waliogombea maikrofoni na hotuba zisizo na kichwa wala miguu, akabakiza furaha tupu. Jina hilo lilianza kama utani wa mumewe, mtaa ukalidaka.

Mumewe alipofariki, watu walikaa mkao wa kumshika asianguke. Hakuanguka. Aliitikia pole, akaosha vikombe vya wageni, kisha akarudi mezani kwake. Hakuwa amejikaza. Machozi aliyatafuta, hayakuja. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mama mkwe wake, wakipishana ukumbini kama wapangaji.

Siku hizo kompyuta ilikuwa ikijikokota, na mama wa bibi harusi mmoja hakuacha kupiga simu kuulizia video yake. Basi Bi Mkasi akamtazama kijana mmoja mtandaoni akifundisha jinsi ya kuipandisha mwendo prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Kijana alisisitiza kwamba mtu apandishe kidogo kidogo, kila mara ajaribu kwanza. Bi Mkasi alipandisha kidogo, ikakubali. Kisha akapandisha kwa mkupuo. Zamani angeogopa hata kuigusa. Sasa hata woga ulikuwa umemhama.

Kompyuta ilizima. Alipoiwasha, feni zilizunguka, zikakata, zikazunguka tena, na kioo kikabaki cheusi. Alirudia mara kadhaa, ikawa ni yale yale. Harusi ya watu ilikuwa humo ndani. Alijua kwamba angepaswa kuhangaika, lakini alikaa tu akisikiliza feni.

Ni mama mkwe aliyemwambia ampigie fundi. Fundi alikuwa safarini, lakini alipokea. Alimsikiliza, akacheka kidogo, akasema haijaungua, imegoma tu. Kila ikiamka inajaribu ule mwendo iliopewa, inashindwa. Akamwelekeza achomoe waya wa umeme, afungue ubavu wa kompyuta, kisha atoe betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyo kwenye ubao mkubwa.

Mama mkwe alimulika tochi ya simu. Bi Mkasi aliibandua betri kwa ukucha, akaiweka kiganjani.

"Sasa?" mama mkwe akauliza.

"Tusubiri isahau, mama."

"Isahau nini?"

"Yote niliyoiambia."

Mama mkwe akaitazama kompyuta kwa muda. "Heri yake," akasema.

Tochi ikaanza kutikisika. Bi Mkasi aligeuka, akamwona mzee analia kimya kimya, mkono bado umenyooshwa ili mwanga usipotee. Aliuegemeza mkono ule begani kwake mwenyewe, wakabaki hivyo.

Betri ilipokwisha kurudishwa na waya kuchomekwa, kioo kiliwaka, lakini kikaandika kwamba hakuna diski ya kuwashia. Fundi alisema hiyo si ajabu, kwani pamoja na ule mwendo imesahau pia ianzie diski gani. Akamtajia pa kuingia na pa kuchagua. Safari hii kompyuta ilifunguka yote, polepole kama zamani. Video ilikuwepo. Vipande viwili alivyokuwa akivifanyia kazi ilipozima vilikuwa vimeharibika, ikabidi avikate upya kutoka kwenye kanda za mpiga picha.

Jambo moja fundi hakulitaja. Saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, hadi mwaka ambao mumewe alikuwa hai na mzima, akilalamika kuhusu magoti. Bi Mkasi aliitazama tarehe ile. Alingoja kitu kimpande kifuani. Hakikupanda. Akaandika tarehe ya leo, akabonyeza kukubali.

Mwendo hakuupandisha tena. Alimpigia mama wa bibi harusi akamwomba avumilie, akakaribishwa kwa maneno makali, akayapokea. Kisha alivuta kiti cha pili mezani, akamwita mama mkwe waangalie pamoja.

Kwenye kioo watu walikuwa wakicheza.

"Hawa ni kina nani?" mama mkwe akauliza.

"Siwajui, mama."

"Yule wa kijani anacheza vibaya."

"Nimtoe?"

Mama mkwe alifikiri. "Muache," akasema. Bi Mkasi akamuacha, akaendelea kukata.