Mzee Aliyenigonga na Gari Dogo

Simu ya asubuhi ilikuwa fupi: "Yule mzee wako aliyekugonga hatunaye tena." Nilikaa chini, nikalia kama niliyefiwa na mjomba. Wasomaji wanaonifahamu wanajua kwamba natembea kwa kuchechemea. Leo nawaeleza nilikoupata mguu huu, na kwa nini namshukuru aliyenipa.

Mzee alikuwa mfanyabiashara wa viungo. Alipanda mlimani Kinole kununua iliki, karafuu na pilipili manga, akashuka kuuza mjini, na kwa barabara ile wakati wa masika alihitaji gari kubwa, lenye boneti la juu na ngao ya chuma mbele. Siku aliyonigonga gari hilo lilikuwa gereji, akaazima kigari cha binti yake. Pale Bigwa, njia ya mlimani inapoingia mjini, mvua ilikuwa imetoka kukatika, mimi navuka, yeye anakanyaga breki, gari linateleza. Likanipiga miguu, nikaangukia juu ya boneti, nikaporomoka pembeni na mguu uliovunjika na akili zangu zote.

Kesho yake alikuja hospitali. Nikamwamkia, shikamoo. "Usiniamkie mie, mwanangu, nimekuvunja mguu," akasema, kisha adabu ikamshinda: "Marahaba. Natokea gereji. Nimesimama mbele ya gari langu, ile ngao imenifika hapa." Akagusa kifua. "Na wewe ni mfupi kuliko mie." Nikainua mkono, nikajipima: kwangu ingefika shingoni. Gari la chini hupiga miguu, mtu akaliangukia juu. Gari refu na zito hupiga kifua na kichwa, likamwangusha mbele ya matairi yake.

Tangu hapo aliing'oa ile ngao, na gari kubwa likawa la mlimani tu. Akishuka analiacha Bigwa kwa shemeji yake, anaingia mjini na kigari. Watu walimcheka sana. Kamati moja ya harusi kule Kilakala ilimwomba gari la kumbeba bwana harusi, naye akatokea na kigari kimepambwa maua.

"Mzee, hiki si cha kubebea nyanya?" mjumbe mmoja akalalamika.

"Bwana harusi haenei humo? Watoto watajaa njiani kutazama harusi. Nikiwa kwenye lile, mtoto akisogea mbele ya boneti simwoni."

Tumezoea kupima heshima ya mtu kwa kimo cha gari lake. Magari yanazidi kurefuka na kunenepa, na watoto wetu wanaovuka kwenda shule wana urefu ule ule. Najua mlima hauna huruma na gari dogo, na najua dogo nalo likikimbizwa linaua. Lakini wewe unayezunguka mjini tu, kabla hujalipa, msimamishe mwanao mbele ya gari unalolitamani, kisha kaa kwenye usukani uone kama unamwona. Mzee alijipima mwenyewe, akakubali kuchekwa, na sijui ni wangapi wanaotembea leo kwa sababu hiyo bila kujua.

Makaburini nilitia udongo kwa mikono yangu. Kijana mmoja wa ukoo akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu.

"Alinigonga na gari."

"Na umekuja kumzika?"

"Alinigonga na lile dogo," nikamwambia. "Ndiyo maana nimeweza kuja."