Kisu Nilichokivunja Mbele ya Watu

Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi na minne, shida iliingia nyumbani kwetu, na ilinuka ngozi ya mbuzi. Aliyewahi kukaa karibu na mivukuto ya mhunzi ananielewa. Ni viriba viwili vya ngozi, vinapakwa mafuta ya nyonyo visikauke, vinapumulia motoni kwa mdomo wa udongo, na kila ukivikandamiza vinakutemea usoni harufu ya mnyama aliyekufa zamani. Harufu hiyo haitoki kwenye nywele hata uoge mtoni kutwa nzima. Kabla ya mwaka huo ilikuwa harufu ya kaka yangu Kalisti, maana yeye ndiye aliyevukuta. Kisha akasikia habari za dhahabu, akachukua sururu aliyofuliwa na Tata, akaenda machimboni, na hadi leo hajarudi yeye wala sururu. Tata ndivyo sisi Wafipa tunavyomwita baba. Yeye alibaki na bega moja zima, la pili aliliumiza alipoanguka na baiskeli iliyobeba magunia ya makaa, na alibaki na mabinti watatu. Mkubwa nilikuwa mimi. Shule nilikuwa nimeishaachia darasa la nne, na sioni aibu kusema.

Tulikaa kijiji kimoja ng'ambo ya Kasokola, mahali ambapo honi ya treni inayokwenda Mpanda ilisikika vizuri, hasa kiangazi. Siku hizo hakuna aliyejua neno mkoa wa Katavi, sote tulihesabiwa Rukwa. Kibanda cha uhunzi kilikuwa mbali kidogo na nyumba, kimezungushiwa matete, na mwanamke hakutakiwa kuingia. Kupeleka chakula, unaweka nje unakohoa. Kuvuka juu ya fuawe, lile pande la chuma wanalofulia, ndiyo usiseme: walisema chuma kitakuwa laini kama matope na mwanamke mwenyewe hatazaa. Basi asubuhi ile baada ya Kalisti kuondoka nilipeleka uji, nikauweka nje, nikakohoa. Tata akasema, "Ingia." Nikadhani sikusikia sawasawa. Akasema tena, "Ingia, uji utapoa na moto utazima." Hakunipa hotuba. Alinisogezea mivukuto kwa mguu, na mimi nikakaa. Njaa ikija, mwiko unakaa pembeni uione inavyopita.

Mwezi wa kwanza nilivukuta tu, mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Mwezi wa pili akanipa nyundo ndogo. Wa tatu akanipa kubwa, kwa sababu bega lake lilikuwa limekataa. Watu wakipita njiani wanasikia nyundo inalia, wanasema mzee leo ana nguvu, kumbe mzee kashika koleo tu na anayepiga ni mimi nyuma ya matete. Wateja walipokuja, nilitoka kwa nyuma na ndoo kichwani kama ninayetoka kisimani.

Tata alikuwa na somo moja alilolirudia mpaka nikaliota. Alisema chuma kina ukoo kama watu, na ukoo haujulikani kwa sura. Springi ya lori ni ukoo wa wagumu. Ukiipasha ikawa nyekundu kisha ukaizamisha ghafla kwenye maji, inakuwa ngumu hata tupa, ile fimbo ya meno ya kukerezea chuma, haiing'ati, lakini ukiipiga hapo hapo inavunjika kama sahani. Kwa hiyo ni lazima uirudishe motoni kidogo, polepole, mpaka makali yapate rangi ya asali, ndipo inakuwa kisu cha kukaa na mtu. Nondo na misumari ni ukoo wa walaini. Uvizamishe mara kumi, bado vitapinda. Kila alipopata kipande kipya, alikata ncha, akaipika, akaizamisha, akaivunja, akanipa nitazame ndani. Punje zikiwa laini kama unga wa muhogo, moto ulikuwa sawa. Zikiwa kubwa kama chumvi ya mawe, umezidisha. "Mhunzi asiyevunja," alisema, "hajui anachouza."

Kiangazi kile mzee mmoja wa Kisukuma, Mzee Masanja, ambaye ng'ombe zake walikuwa wanachungwa mpaka kule Majimoto, alileta springi nzima ya lori na kuagiza kisu cha kuchinjia. Tata alinitazama, akatazama bega lake, akasema, "Hiki kifue wewe. Chote." Nilikifua siku tatu. Nilikinyoosha, nikakipa tumbo, nikakirudisha motoni mpaka ikaja ile rangi ya asali, nikakinoa kwenye jiwe la mtoni mpaka kikanyoa nywele za mkono wangu. Mpini nilichonga wa mninga. Nimezaa watoto wanne, nawapenda wote, lakini furaha ya kukishika kisu kile asubuhi ya siku ya nne sijaipata tena. Niliitundika tupa ya Tata ukutani, nikakaa tu nakitazama.

Asubuhi hiyo hiyo ndipo walipokuja. Mwenyekiti wa kijiji mbele, mgambo wawili nyuma, na bwana mmoja wa reli mwenye mfuko wa turubai. Misumari inayoshikilia reli kwenye mataruma ilikuwa inang'olewa na kupotea, na mwenye duka wetu, aliyeuza mapanga ya kiwandani, alikuwa ametoa habari kwamba mhunzi ndiye anayeinunua na kuifanya visu. Muuza panga akimsema mhunzi, hata mtoto anajua kwa nini. Lakini mnyonge hana haki. Walimchukua Tata wakamfungia ofisi ya kijiji, wakisema mchana atapakiwa kwenye kiberenge, kile kigari cha reli, apelekwe mjini Mpanda polisi. Kisha wakarudi kuchukua fuawe iwe ushahidi. Hapo ndipo damu iliponipanda. Tata wangeweza kumshika wakamwachia. Fuawe ile ilitoka kwa babu yake, aliyekuwa akiyeyusha udongo wa chuma kwenye matanuru marefu ya Ufipa. Ikienda, hata Tata akirudi, anarudi kufanya nini?

Nikasimama mlangoni. Kijiji kizima kilikuwa kimeishakusanyika, mama yangu akiwa amejishika kichwa.

"We binti, pisha tubebe mzigo," mwenyekiti akasema.

"Mzigo una mwenyewe, baba mwenyekiti."

"Mwenyewe anasubiri kiberenge. Pisha!"

"Mwanangu nyamaza," mama alilia, "utatumaliza!"

Sikunyamaza. Nikamgeukia yule bwana wa reli, kwa sababu nilimwona mikono yake ina makovu ya moto, nikajua huyu aliwahi kufanya kazi. Nikamwambia, "Shikamoo. Nipe msumari wako mmoja, na uchague kisu chochote humu ndani. Nitavipika moto mmoja na kuvizamisha maji mamoja. Vikiwa ndugu, mchukue fuawe. Visipokuwa ndugu, baba yangu anarudi nyumbani."

"Utavipika wewe?" mwenyekiti akacheka. "Nani kakufundisha?"

Nikakaa kwenye mivukuto, nikaanza kuvukuta. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na kelele zilizotoka kwa wale wanawake nje zilinionyesha kwamba wamelisikia. Siri ya miezi mitatu ilimalizika hapo.

Bwana wa reli akapita akitazama kazi zetu. Kulikuwa na mashoka, mundu, visu vya jikoni. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kisu cha Mzee Masanja. Ningeweza kusema hicho hapana, kina mwenyewe. Lakini ningesema hivyo, nani angeniamini tena? Nikang'oa mpini kwa mikono yangu, nikakitia motoni pamoja na msumari wake. Nilivukuta mbiombio, moto ukapanda kuliko nilivyotaka. Vikawa vyekundu, vikawa vyekundu zaidi. Nikavitoa kwa koleo, nikavizamisha, maji yakapiga mayowe. Nikaweka kisu ncha moja kwenye fuawe, ncha ya pili hewani, nikainua nyundo kubwa na kushuka nayo. Pa! Kikavunjika vipande viwili.

Hapo ndipo nilipojua kwamba ukweli wa kazi yako si ukweli wa watu. Mimi nilikuwa nimeshinda, lakini wao walicheka. "Si nilisema!" mama mmoja akapiga makofi. "Mwanamke akigusa fuawe, chuma kinakuwa yai!" Nikauweka msumari, nikaupiga, ukapinda kama kidole bila kuvunjika. Wakaushangilia. "Hicho ndicho chuma! Chuma cha serikali!" Mwenyekiti akawaashiria mgambo wabebe fuawe. Debe tupu haliachi kuvuma. Mmoja alikuwa ameishainama.

Nikakumbuka tupa. Nikaichomoa ukutani, nikampa bwana wa reli mkononi. "Kereza wewe mwenyewe. Kwanza msumari wako." Akakereza, tupa ikauma, unga wa chuma ukamwagika kwenye viatu vyake. "Sasa kisu." Tupa ikateleza ikilia kama panya, haikuacha hata alama. Akajaribu tena kwa nguvu zote, hakuna. Watu wakasogea karibu. Akachukua shoka, akakereza makali, ikateleza. Akachukua mundu, ikateleza. Akachukua visu vyote kimoja kimoja, na mimi namhesabia kwa sauti ili kila mtu asikie. Mwisho akajipangusa jasho, akasema, "Mwenyekiti, huyu mzee hajafua reli. Msumari hauwezi kuwa hivi hata ukiuombea misa."

"Lakini binti anafua chuma!" mwenyekiti akasema.

"Hilo si la reli," bwana yule akajibu, akaokota msumari wake uliopinda, akaondoka.

Tata alifika jua limeelekea magharibi, anatembea polepole, mkono mmoja umeshika bega. Mama alimkimbilia. Mimi nilibaki kibandani, sikujua nimefanya jema au baya. Akaingia, akaokota vile vipande viwili vya kisu, akatoka navyo kwenye mwanga, akatazama ndani ya chuma kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Tupa ilikuwa wapi?" Nikamwambia ilikuwa ukutani. "Sasa kisu cha watu umekivunjia nini? Si ungeanza na tupa?" Ni kweli, tupa peke yake ingetosha, na mimi nilivunja kazi nzuri kuliko zote kwa sababu ya hasira na woga. Akanionyesha pale palipovunjika. Punje zilikuwa kubwa kama chumvi ya mawe. "Tena umezidisha moto," akasema. "Kesho utafua kingine." Akaingia ndani kunywa uji. Wapo watu waliobarikiwa na baba zao kwa mkono kichwani na maneno matamu. Mimi baraka yangu ndiyo hiyo, na imenitosha.

Mzee Masanja alipokuja wiki iliyofuata, nilimweleza mwenyewe, nimepiga magoti. Alicheka mpaka akashika fimbo yake. Springi ilikuwa imebaki nusu. Akasema, "Nifulie kingine, binti. Ila huyu mzee asiguse, bega lake linachelewesha." Wengine hawakuwa kama yeye. Mwaka mzima kuna nyumba zilikataa majembe yetu, wakisema mvua itakimbia. Mvua ilikuja, na waliolima kwa majembe yangu walivuna kama wengine. Walisema sitaolewa, nikaolewa. Walisema sitazaa, nikazaa. Mume alipotaka nichague yeye au fuawe, nilichagua haraka sana.

Tata alipofariki, mwaka 1998, mdogo wake alitoka Sumbawanga kuja kudai fuawe, kwamba haikai kwa mwanamke. Alikuja na vijana wawili na kamba. Sikubishana naye. Niliikalia. Nilikusanya kanga yangu nikakaa juu ya fuawe ya babu zao kama mtu anayekaa kwenye kigoda, nikamwambia, "Haya, baba mdogo, nibebeni pamoja nayo." Kwa imani yao ilikuwa imeishaharibika pale pale, hakuna mwanaume atakayethubutu kuigusa. Aliondoka bila kunywa hata maji. Mwiko wao wenyewe ndio ulionilindia urithi wangu.

Leo vijana wanakuja na pikipiki kutoka Mpanda mjini, wanaleta mapanga ya kiwandani yaliyojikunja kwenye mti mmoja tu, wananiomba, "Bibi, tunyooshee." Bibi! Hamsini bado sijafika. Nawaambia hilo panga hata likinyooka litarudi kupinda, huo ni ukoo wake. Wana simu za kuwaonyesha watu wanavyofua chuma nchi za mbali, lakini kuvunja na kutazama ndani hawataki. Wanataka kinachong'aa. Sawa. Zamani kulikuwa na njaa, na kulikuwa na dharau, sitaki kudanganya kwamba kulikuwa kuzuri. Ila mtu alijua kisu chake kimetoka mkononi mwa nani.

Kusoma nasoma kwa shida, haya nimemtamkia mwanangu wa mwisho akaandika, na nimemkataza kuyapamba. Ninavyo hivi: nyumba ya bati ya vyumba vitano. Shamba la mahindi na karanga Kasekese. Ng'ombe tisa. Baiskeli moja, pikipiki sina wala siitaki. Kibanda bila matete, mlango wazi njiani. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na feni ya mkono niliyonunua nikaona haina nguvu. Wanafunzi watatu, wawili ni wasichana. Fuawe ya babu. Tupa, ukutani. Na vile vipande viwili vya kisu, ambavyo kila mwanafunzi anaanza kwa kuvitazama ndani, aone moto uliozidi unafananaje.