Andazi Lenye Uwazi Ndani

Mwanakheri aliuza mahamri pale Magogoni, na tangu utotoni hakuweza kuona kitu asikifungue. Siku moja mwaka wa 1987 jirani yake Sidi, aliyeosha vyombo katika hoteli moja ya Nyali, alimletea kiandazi cha kizungu kilichojaa kastadi, ule uji mzito mtamu wa maziwa na mayai. Mwanakheri alikipasua, akaipangusa kastadi kwa kidole, akastaajabu kukuta uwazi mkubwa ndani.

"Sidi mwenzangu, hii ni hamira gani?"

"Hawatii hamira wala magadi. Huchemsha maji na siagi, wakausonga unga humo kama sima, kisha wakatia mayai na kupiga."

Kesho yake alijaribu. Alipanga vidonge vya unga huo ndani ya sufuria kavu, akapalia makaa chini na juu ya mfuniko, kama apikavyo mkate wa mayai. Harufu iliponukia hakustahimili, akafunua kuchungulia. Vilikuwa vimetuna vizuri, lakini mvuke ulipompiga usoni vikanywea vyote mbele ya macho yake.

Alisimama na mfuniko mkononi, akiwaza. "Wallahi, ni mvuke uliokuwa ukivishikilia!"

Akasonga unga mwingine, na safari hii akaenda kukaa kwa Sidi ili asijaribiwe kufunua. Aliporudi alivikuta vimesimama, vikavu na vyepesi. Alikipasua kimoja, akachungulia ndani, akacheka peke yake. Vilivyobaki alivijaza kastadi ya iliki, akampelekea Sidi, naye alipouma ikamchirizika hadi kidevuni.