Gari Lisilo na Injini

Nimesafiri siku tatu kwa mabasi hadi mji huu nisikojua mtu, na gereji iliyo karibu na stendi inanuka grisi. Harufu hiyo imenirudisha mtaani kwetu Buyenzi, siku ya harusi ya dada yangu.

Shangazi alikuwa ametangazia mtaa mzima kwamba maharusi wataingia ukumbini kwa gari. Bwana harusi, ambaye ni fundi, aliishusha injini asubuhi ili aisafishe, na saa kumi jioni ilikuwa bado juu ya gunia. Shangazi akajifunika uso kwa kitenge.

"Fundi, we unaoa ao unauza vyuma?" wenzake walimtania.

Bwana harusi akamwomba dada waende kwa miguu tu.

"Apana," dada akasema, akapanda na kukusanya shela mapajani. "Musukume."

Mafundi sita wakasukuma wakiwa na suti zao, honi ikilia hadi mlangoni. Ukumbi wote ulisimama, na Shangazi akawashinda wote kwa vigelegele.

Siku niliyohama Buyenzi moja kwa moja, teksi iliwaka vizuri. Hata hivyo dada alizunguka nyuma, akaweka viganja viwili kwenye buti, akasukuma.