Bundi wa Mzee na Chumvi ya Mayai

Johannesburg ikifika mwezi wa sita, watu hawaoani. Na wakioana hawataki picha za nje, maana bibi harusi gani atatoa mabega kwenye baridi ile inayong'ata mpaka kope? Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za harusi, za Wakongo, za Watanzania wenzangu, na za yeyote mwenye suti. Baridi ya mwaka 2017 ilinikuta nimekaa mtaani kwetu Yeoville miguu nimeielekeza kwenye hita, kamera imelala kabatini. Mume wangu alikuwa mlinzi wa jengo moja la ofisi Braamfontein. Siku moja alirudi kutoka kazini akanikuta naipiga picha sufuria.

"Mke wangu," akasema, "tafuta watu. Utachanganyikiwa."

Watu sikupata, nikapata ndege. Mwezi ule nilikuwa na maharusi wawili tu, wakaidi, waliotaka picha kando ya bwawa la bustani ya mjini. Nimeshampanga bibi harusi, kidevu juu, shela imetandazwa, mara korongo mmoja mkubwa akatua nyuma yake. Nikabonyeza. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa kwenye benchi, darubini shingoni, akaja mbio za kizee kuniomba aone picha ile. Nikamwonyesha. Akaikuza, akaikuza, mpaka bibi harusi akatoka nje ya kioo akabaki korongo peke yake.

"Mzuri mno," akasema mzee. Bibi harusi akadhani anasifiwa yeye, akamshukuru.

Ndipo akanikaribisha kwenye kundi lao. Walikuwa wastaafu kama kumi, kila Jumamosi asubuhi wanakwenda hifadhi moja ya ndege nje ya jiji, kwenye madimbwi na matete, kuangalia ndege na kuwapiga picha. Eti baridi ndiyo msimu mzuri, nyasi zimekauka, ndege hawana pa kujificha. Mzee angenipitia na pikapu yake. Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Umetoka Tanga, umepita nchi ngapi, kumbe unakuja kupiga picha kuku?"

Siku ya kwanza niliaibika. Mimi kwetu nimefundishwa kwamba ukialikwa na watu, unapendeza. Nilivaa kitenge cha manjano, nikajifukiza udi. Kiongozi wao, mama mmoja aliyekuwa mwalimu miaka yote na bado anaongea kama kengele ya shule, akanitazama juu mpaka chini. Akanivalisha koti kuukuu la mvua, la kijani, akaniweka nyuma kabisa ya mstari ili udi wangu usifike kwa bata kabla yetu. Nilinuna mpaka saa tatu. Halafu jua likapanda, sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, ikaanza kuyeyuka juu ya matete, bata mia wakaruka kwa pamoja, na mimi nikasema "Mashallah!" kwa sauti iliyowarusha na waliobaki. Yule mama akapuliza pua kwa hasira. Mzee akanikonyeza.

Nikanogewa. Ila mkono wa harusi hauachi tabia. Wiki ya tatu nilipeleka picha ya ndege mmoja wa miguu mirefu, macho makubwa ya njano, niliyemkuta amesimama penye mawe. Nilikuwa nimemshughulikia usiku kucha kwenye kompyuta kama ninavyowashughulikia maharusi. Alikuwa na madoa kifua kizima, maskini, nikayatoa yote. Ngozi nikailainisha. Kope nikazirefusha kidogo. Kundi zima likainamia picha ile na vitabu vyao. Wakabishana. Mmoja akasema amepotea kutoka Ulaya. Mwingine akasema huyu hajawahi kuandikwa kabisa, akaanza kutetemeka. Yule mama mwalimu akaniuliza kwa heshima, mara yake ya kwanza kuniheshimu, "Mama, umemwona wapi huyu?"

"Pale penye mawe, nyuma ya choo," nikasema. "Alikuwa na chunusi, nimemsafisha."

Eish! Tangu siku ile waliniita Saluni, nami sikujali.

Sasa huyu mzee. Alikuwa na miaka sabini na minane, mkewe alishafariki, na mwisho wa baridi ile mwanawe alikuwa anamchukua kwenda kuishi naye Australia. Nyumba ilishauzwa. Kilichobaki ni ndege mmoja. Maisha yake yote alikuwa ameandika kila ndege aliyemwona kwa macho yake, na hapa kwao hakuna ndege aliyemtaka kama bundi wa majani marefu, yule wa uso kama kopa la karata, ambaye mchana hulala chini nyasini. Alikuwa amemtafuta miaka mingi. Akiondoka bila kumwona, basi tena. Kila tukipanda pikapu ananiambia, "Labda leo, Mama."

Nami kila akisema hivyo nageuza uso dirishani. Bundi? Kwetu bundi hatafutwi. Bundi akilia juu ya paa, bibi yangu alikuwa anatoka na chumvi na matusi, kwa sababu bundi hatembei bure, anakuja kuchukua mtu. Mimi nimesoma, ninatumia kompyuta, najua bundi ni ndege. Lakini najua pia kwamba katika kundi lile la wazee, mzee kuliko wote alikuwa huyu wangu. Na nilikuwa nampenda. Nasema kweli, katika jiji lile lote hakuna mtu mwingine aliyenisubiri kwenye kona saa kumi na moja na nusu alfajiri na chupa ya chai.

Zikiwa zimebaki Jumamosi mbili, tulitangulia wawili. Mzee akarudi nyuma kidogo kumimina chai, mimi nikasonga ukingoni mwa nyasi, mkono mmoja kamera, mkono wa pili yai langu la kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi. Hatua tano mbele yangu nyasi zikatikisika. Uso mweupe ukainuka. Macho meusi, mawili, yakapita juu ya bega langu yakaenda moja kwa moja kwa mzee.

Haki ya nani, sikufikiri. Nikamrushia chumvi yote. "Toka, mwanaharamu! Hapa hakuna mgonjwa! Nenda kwenu!" Na yai nikamrushia. Bundi akaruka bila sauti, akazama nyuma ya matete.

Mzee akaja na vikombe viwili. "Kuna nini?"

"Nyoka," nikasema.

"Nyoka? Kwenye baridi hii?"

"Alikuwa amevaa," nikajibu, sijui hata nilimaanisha nini.

Ningepona, kama si mila yao. Wakimaliza matembezi huweka kamera zote juu ya boneti ya gari, kila mtu anaangalia za mwenzake. Nami kwa fadhaa nikaweka yangu. Kumbe kidole cha mpiga picha wa harusi hakingoji akili. Kilikuwa kimebonyeza. Pale kiooni alikuwa bundi wa mzee, mabawa wazi, chumvi imemzunguka kama mchele wa maharusi, na pembeni yai langu angani.

Yule mama mwalimu akanisema mbele za watu, maneno sitayarudia. Mtu mmoja akamwambia mzee, basi andika, si picha ipo? Mzee akatikisa kichwa. "Aliyemwona ni kamera ya Mama," akasema. "Mimi nilikuwa namimina chai."

Njia nzima aliendesha gari macho mbele tu. Ningefurahi angetukana. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani za kuingia Yeoville, ikawa nyekundu, nami nikashindwa, nikalia kwa sauti kama mtoto.

"Mzee, nilimfukuza kwa sababu alikuwa anakutazama wewe. Kwetu huyo anachukua watu. Nami sikutaka akuchukue."

Taa ikawa kijani. Hakuondoka. "Na kwa nini mimi? Tulikuwa kumi na mbili."

"Wewe ndiye mzee kuliko wote!"

Teksi nyuma yetu zikapiga honi zote kwa pamoja. Mzee akalala juu ya usukani, mabega yanatikisika, nikajua ndiyo hivyo, amekwisha, bundi amefanya kazi yake. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka taa ikarudi nyekundu. Halafu akatoa leso, akafuta macho.

"Mwanangu hunipigia simu," akasema. "Tunazungumza juu ya mizigo tu, si juu yangu." Akanipa ile leso nami nikafuta yangu.

Jumamosi ya mwisho kundi lilinikataza kubeba chumvi. Mama mwalimu alinipekua mifuko, nami nikamruhusu. Tulitembea mpaka jua likawa juu, vidole vimekufa ganzi, hakuna kitu. Wenzetu wakaanza kurudi kwenye magari. Mzee akabaki amesimama ukingoni mwa nyasi, darubini imening'inia tu, akasema haidhuru, Mama, twende.

Mimi ndiye niliyemwona. Kushoto kwake, karibu kiasi kwamba darubini ilikuwa ya bure, uso mweupe katikati ya majani makavu, umetulia. Mzee alikuwa ameshageuka. Ningenyamaza tu, angekwenda Australia salama, na asingejua kamwe.

"Mzee," nikasema. "Usitikisike. Geuka polepole."

Akageuka. Bundi akamtazama. Mzee machozi yakamtoka waziwazi kwenye baridi ile. Kamera ilikuwa shingoni kwangu, sikuigusa. Nilisogea nikamshika mkono kwa nguvu, nikabana bega langu kwenye bega lake, ili yule ndege asiweze kumtazama mmoja wetu bila kumtazama na mwingine. Kisha nikamwambia bundi kimoyomoyo, kwa Kiswahili chetu cha Tanga: kama kuna habari umeileta, igawe, tuko wawili.

Tukasimama hivyo mpaka aliporuka kwa hiari yake.