San Luka Dirishani

Kwa miaka arobaini na sita Argia Zanarini alikuwa akisukuma unga kwa mti mrefu kuliko mkono wake, na Alhamisi ile aliamka akijua huenda ikawa siku ya mwisho.

Hapa Bologna hatuna masihara na sfolia, ule unga uliosukumwa ukawa mwembamba kama karatasi. Ni unga na mayai, basi. Mashine ni ya wavivu. Ukishaisukuma ikaenea meza nzima, unaizungushia mtini na kuiinua dirishani. Ukiliona kanisa la San Luka kule kilimani kupitia unga wako, haya, kata vipande, jaza nyama, kunja tortelini. Usipoliona, ulichotengeneza ni blanketi, jifunike ulale. Hivyo ndivyo Argia alivyofundishwa na mama mkwe wake, tena kwa kuchapwa vidole, Mungu amrehemu mama yule.

Sasa ilikuwa imepita miezi miwili Argia halioni kanisa. Alisukuma mpaka mabega yakamuuma, akainua: weupe mtupu. Wateja walinunua na kusifu kama kawaida, lakini yeye alijiambia wanamwonea haya tu. Siku moja akamnong'oneza wifi yake Dina, anayeuza kaunta. Dina hakuinua hata kichwa.

"Uzee huo, wifi. Miaka kumi nakuimbia habari ya mashine, unaniona mchawi."

Maneno yale yalimchoma. Akakata shauri: Alhamisi linakuja darasa kutoka Taranto, bandari ya kusini, watoto wa sekondari walioletwa kuujua mji wetu na chakula chake. Atasukuma mbele yao. San Luka asipoonekana, mti unatundikwa ukutani, na Dina aagize mashine yake.

Walifika ishirini na wawili, wameshapanda mnara mrefu wa mjini na kuzilaani ngazi zake, na njaa imewashika. Mwalimu wao, Bwana Semeraro, alikuwa amekaukiwa na sauti kwa kuwaita. Msemaji wao alikuwa Cosima, binti wa miaka kumi na sita, mdomo wake haujui likizo.

"Bibi, humu ndani mnatia nini?"

"Nyama ya nguruwe, soseji ya mortadela, jibini na kungumanga kidogo."

"Na kome je? Sisi kwetu kila kitu tunatia kome."

Argia alijishika kifua. "Kome! Kwenye tortelini! Mwalimu, huyu mtoto kabatizwa kweli?"

"Kabatizwa, mama," alijibu mwalimu kwa sauti ya chura, "ila nadhani kwa maji ya bahari."

Darasa zima likaangua kicheko. Argia naye alicheka. Akashika mti, akasukuma, akageuza, akasukuma tena, na watoto wakasogea kuizunguka meza. Mwishowe akaiinua sfolia dirishani, akakodoa macho. Weupe mtupu.

"Basi," akasema polepole. "Dina, agiza mashine yako."

Alitamani kulia, na kama si wageni angelia.

"Mashine ya nini tena?" Cosima alikuwa ameshapenya mpaka begani kwake. "Kanisa si lile pale? Jekundu, na kuba lake!"

"Usinidanganye kwa huruma, mwanangu. Nimezeeka, sijawa mjinga."

"Mimi nina huruma? Muulize mwalimu!"

"Hana," alisema Bwana Semeraro.

Cosima akaupokea mti ule, sfolia yake ikining'inia, akasogea nao pembeni. "Haya bibi, tazama sasa, bila kitu. Unaona nini?"

Argia akatazama. Kilima kilikuwa doa la kijani, na juu yake hapakuwa na kanisa. Akafumba jicho moja, akafumba la pili. Miaka yote ile hakuwahi kuwa na haja ya kumtafuta San Luka bila sfolia mbele yake.

"Dina! Kanisa limebomolewa?"

Dina alitoka kaunta mbio. Akamrudisha Cosima dirishani, akachungulia kupitia unga, na uso ukambadilika.

"Lipo, wifi. Naliona lote. Hii ni nyembamba kuliko ya marehemu mama." Akamgeukia Argia. "Na mimi nimekaa pale miezi miwili, sikunyanyuka hata mara moja kukuangalizia. Nisamehe."

"Kumbe ni macho!" Argia alipiga kelele. "Ni macho tu! Wanangu, naingia upofu!" Akamkumbatia Cosima, akamzungusha, unga ukawajaa wote wawili. Mwalimu alibaki hajui atoe hongera au pole.

Walikula tortelini kwenye supu, na Cosima aliomba sahani ya tatu, bila kutaja kome.

Mtoto wa jicho alitolewa, jicho moja Machi, la pili Mei. Siku aliyorudi kazini Argia alisukuma, akainua, akatazama kwa muda mrefu. Dina alikuwa amesimama kando yake, kaunta ameiacha na foleni ya wateja.

"Unaliona, wifi?"

"Naliona. Na kioo hiki cha dirisha pia nakiona kilivyo kichafu. Zamu ya nani kukifuta?"

"Yangu," alisema Dina, na akaenda kuchukua kitambaa.