Nyota Arobaini za Ornella

Kwa miaka kumi na minane Ornella Zanarini alihesabu nyota katika taasisi moja pale Bologna, tena mchana kweupe, ameinamia picha za anga zilizopigwa Chile juu ya sahani za kioo. Shahada hakuwa nayo, ila kwa kuhesabu hakuna aliyemfikia, na sifa hiyo hakuwaficha watu.

Mwaka mmoja Profesa Gherardi alitaka kujua kundi moja la nyota kongwe lilizaliwa na gesi ya heliamu kiasi gani. Unahesabu nyota zinazochoma heliamu, unahesabu na majitu mekundu, yaani nyota zilizovimba ambazo bado hazijaanza kuichoma, kisha unagawanya. Ornella alipata mia za kwanza na mia za pili. Jibu likawa heliamu kumi na nane katika mia, wakati dunia nzima ilikuwa ikipata ishirini na tatu.

"Tumewapiku wote!" Profesa alishangilia. "Na jina lako litachapwa pamoja na langu, Bi Ornella."

Jina hilo halikuwahi kuchapwa popote ila kwenye kitabu cha simu. Mama yake alikunja tortellini, vitambi vya kujazwa nyama, za kulisha mtaa mzima.

Asubuhi ya kutuma makala, Ornella akipanga majalada, alifungua moja la kijani, akakuta nyota ambazo hakuzihesabu. Nyota geugeu, zinazong'aa na kufifia, pale hupimwa kando kwa sababu hazitulii. Alikuwa amezitenga arobaini kwa mazoea, akasahau kuzirudisha, na zote zinachoma heliamu.

Angenyamaza, nani angejua? Alilitazama jina lake kwenye karatasi dakika tano nzima, na jamani, lilimpendeza. Kisha akapanda ngazi mbio.

"Profesa, usitume! Nimeboronga."

"Umeboronga nini tena?"

"Geugeu nimezisahau. Ni mia na arobaini, si mia."

Profesa akapiga hesabu mgongoni mwa bahasha. "Ishirini na tatu," akasema kwa unyonge. "Kama kila mtu." Halafu akaanza kucheka mpaka miwani ikamdondoka. "Ningeumbuka mimi! Dunia nzima ingenicheka!"

"Basi futa jina langu."

"Nifute? Makala imepoa hivi, halafu uniachie peke yangu? Thubutu!"

Ilitoka baada ya miezi saba, kurasa tatu zisizo na jipya. Katika taasisi ile majina ya waandishi hufuata alfabeti, bila kujali cheo. Ornella alianza kujitafuta mwishoni, hakujiona, roho ikamwuma. Ndipo alipotazama mwanzo: Zanarini na Gherardi.